Usawa wa Sikio la Mama Tausi

Jana baada ya chakula cha mchana nilijinyoosha kwenye kochi, na usingizi ukaniletea mambo ambayo nitayasimulia kama yalivyokuja, bila kupunguza. Mimi si mtu wa kutia chumvi. Waulizeni watu wa Kanyenye, hapa Tabora, watawaambia kwamba Mzee Mrisho Kapalata akisema kitu, kipo.

Kwanza mjue kwamba nililala nikiwa na jambo moyoni. Mimi ndiye niliyepiga manyanga, vile vibuyu vya kutikisa, kwenye wimbo wa "Asali ya Sikonge" wa bendi yetu ya Mninga Jazz, siku ile gari la kurekodia lilipokuja mjini kwetu. Habari hiyo nimeisema harusini, nimeisema msibani, nimeisema kwenye foleni ya maji, na mara moja nilimweleza daktari wa macho wakati ananipima. Sasa taabu ni hii. Wimbo ukipigwa nyumbani kwangu, gitaa linasikika, besi inasikika, tarumbeta zinasikika, hata mwimbaji akivuta pumzi unamsikia. Manyanga hayasikiki.

Shemeji yangu Kitwana, mdogo wake mke wangu, jambo hilo amelifanya kitoweo. "Shemeji," huniambia, "labda siku ile ulikuwa unapigia nje na mlango umefungwa." Wiki iliyopita alinibana mbele ya wakwe wa binti yangu Tausi. Tukaafikiana kwamba Jumamosi baada ya alasiri angekuja, tuusikilize wimbo kwa mara ya mwisho, na manyanga yasiposikika nisiitaje tena habari hiyo mpaka naingia kaburini. Nilikubali kwa sababu watu walikuwa wananitazama. Jana ndiyo ilikuwa Jumamosi yenyewe.

Kitwana hanisumbui sana. Anacheka, anakunywa chai, anakwenda zake. Aliyeniumiza ni mke wangu, Mama Tausi, ambaye siku ile alinyamaza kimya. Nilimwoa bendi ikiwa imeshavunjika, hajawahi kuniona nikipiga, na tangu ujana wetu sijawahi kumsikia akisema kama ananiamini au la.

Kuhusu vyombo vyenyewe, sina wa kumwonea wivu. Spika zangu ni mbili, za mninga mtupu, zimepigwa msasa mpaka ukiinama unaiona sura yako. Siku zilipotoka kwa seremala nilizipandisha mwenyewe juu ya kabati la vyombo, karibu na dari, ili mgeni akivuka mlango tu macho yake yaanzie hapo. Mama Tausi akazifunika kwa vitambaa vyake vyeupe vya kufuma, vyenye ncha za kuning'inia mbele. Tausi naye akauhamishia wimbo wetu kwenye flashi. Sebule ikawa sebule.

Basi naota nimekaa hapo hapo kwenye kochi, na hodi inapigwa. Namkaribisha mgeni. Anaingia pimamaji, kile kifaa cha waashi cha kupimia usawa, ila huyu ana kimo cha mtu mzima na amevaa koti. Kifuani ana kile kichupa chenye kiputo cha hewa, na kiputo ndicho kinachonitazama.

"Karibu kiti," namwambia.

"Sikai," anasema. "Nikikaa napinda."

"Unatokea wapi, bwana?"

"Ofisi ya Usawa wa Sikio. Tumepokea malalamiko."

"Nani kalalamika?"

"Manyanga."

Sikushangaa. Ndotoni mtu hashangai, na isitoshe niliona yana haki. Pimamaji anajilaza hewani, ncha moja kwenye sikio langu, ncha nyingine kwenye spika, na kiputo kinakimbilia juu mpaka kinagonga mwisho wa kichupa.

"Sikio lako na spika zako havijuani kabisa," anasema.

Namwomba anieleze. Ananieleza taratibu, kama mtu anayemsomea mgonjwa cheti chake. Anasema sauti nene, kama besi, haina makuu. Inateremka, inapita chini ya viti, inafika mpaka jikoni. Sauti nyembamba, ambayo ndiyo ya manyanga, inatokea kwenye kile kispika kidogo cha juu ambacho mafundi wanakiita twita, na inakwenda moja kwa moja kule twita ilikotazamishwa. Haigeuki kumtafuta mtu.

"Ina maringo," nasema.

"Imefuata ya mwenye nyumba," anajibu. "Sasa sikiliza. Sheria yetu ni moja tu. Twita na sikio la aliyeketi viwe usawa mmoja. Sheria haisemi nani amfuate mwenzake."

Hajamaliza vizuri, kochi linaanza kupanda nami. Linapita televisheni, linapita saa ya ukutani, linapita picha ya harusi ya Tausi. Linasimama mimi nikiwa nimekaa uso kwa uso na spika zangu, kichwa kinagusa dari. Vumbi la kule juu ni jingi kuliko nilivyofikiri.

Kwenye pembe ya dari yupo mjusi asiye na mkia. Nyumbani kwetu mjusi wa namna hiyo tunamfukuza kwa ufagio, lakini huyu ananipa heshima yangu.

"Shikamoo, mzee wa manyanga."

"Marahaba. Umenijuaje?"

"Huku juu nani asiyekujua? Mimi na marehemu baba tumekusikiliza miaka yote. Baba alikuwa akisema mkono kama ule hautapatikana tena. Mlimpiga kwa ufagio katikati ya wimbo."

"Pole sana."

"Tumeshapoa. Alikufa akisikiliza."

Wimbo unaanza wenyewe. Besi inadondoka kutoka kwenye spika hadi sakafuni, puu, kama gunia la mahindi, kisha inatambaa kuelekea jikoni. Gitaa linashuka kwa kujizungusha. Halafu kutoka kwenye twita yanatoka manyanga. Nayaona kwa macho yangu, punje ndogo ndogo za sauti, zinapenya kwa shida kwenye matundu ya kitambaa, zinapita mbele ya pua yangu zimenyooka, na kwenda kugonga ukuta wa upande wa pili. Pale zinabaki. Ukuta wote wa juu ya mlango umefunikwa na manyanga yangu, yameganda kama unga kwenye kuta za mashine ya kusaga.

Na ninayasikia. Yapo. Ni yangu. Ule mkato wa mkono wa kushoto hakuna mtu mwingine Tabora nzima aliyekuwa nao. Nilifurahi, sifichi, mpaka nikamshika mjusi begani.

Natazama chini. Mama Tausi ameketi kwenye mkeka wake, pale anapokaa kila siku, anafuma. Hajawahi kulipenda kochi, anasema linamvunja mgongo. Kitwana yupo kwenye kiti, ana kikombe.

"Mnasikia?" nawauliza.

"Tunasikia tarumbeta," anasema Kitwana.

Nasimama juu ya kochi ili nitangaze vizuri. "Mimi ndiye Mrisho wa manyanga," nasema. Papo hapo spika zinapanda, kwa kiasi kile kile nilichopanda mimi, na dari inaanza kulia.

"Keti, mzee," anasema Pimamaji kutoka chini. "Sheria inasema sikio la aliyeketi. Ukisimama zinakufuata."

Sikuketi. Mtu aliyepiga manyanga kwenye "Asali ya Sikonge" haambiwi keti nyumbani kwake. Nasimama kwa vidole vya miguu. Spika zinatoboa dari, zinatoboa bati, nami nimo nyuma yake na kochi langu, na mjusi, na Pimamaji akishikilia koti lisipeperuke. Tunapotokeza nje, sipaoni Kanyenye. Tupo kwenye uwanja wa nyuma ya ukumbi wa reli, na siku yenyewe ni ile ya kurekodi.

Mninga Jazz wamejipanga, wamevaa mashati ya maua. Mimi ni kijana na nywele ninazo. Fundi wa gari la kurekodia ananinyooshea kidole. "Wewe wa manyanga, simama mlangoni. Sauti yako ina makali." Nasimama mlangoni mwa ukumbi. Mbele yetu inatakiwa kuwepo maikrofoni, lakini hapo pametandikwa mkeka, na juu ya mkeka ameketi Mama Tausi kwa umri wake wa leo, anafuma.

"Hiyo ndiyo maikrofoni?" namwuliza Pimamaji.

"Hatuna nyingine," anasema.

Wimbo unaanza, natikisa. Punje zinatoka mkononi mwangu, zinapita juu ya kichwa cha mke wangu, zinakwenda zake. Natikisa kwa nguvu zaidi. Mkono unapanda, na punje zinazidi kupaa. Mama Tausi anahesabu matundu ya kitambaa chake na hainui uso. Wenzangu wanapiga kwa raha, mwimbaji anafumba macho, na mimi jasho linanitoka mpaka viatuni.

Hapo nikashikwa na huzuni, tena huzuni ya kweli, siyo ya ndotoni. Kitwana asiposikia, nitanuna siku mbili tatu. Lakini kama huyu hasikii, basi hata sijui nilimpigia nani.

Pimamaji ananikaribia. "Tupime upya," anasema. "Sikio la nani?"

"Langu," nasema. "Mwenye nyumba ni mimi."

"Wewe siku ya kurekodi ulikuwepo. Ulishasikia. Anayetakiwa kusikia ni nani?"

Namwonyesha mkeka. Pimamaji anainama, anaweka ncha moja kwenye sikio la Mama Tausi, na kiputo kinakimbilia ncha ya juu mpaka kinakaribia kumtoka.

"Chini," anasema. "Chini kabisa. Nyumbani kwako mwenye sikio anakaa mkekani, na spika zinakaa na mijusi."

Mjusi anasema hilo hakulipenda.

Sasa tupo sebuleni tena. Sikuona tumerudije. Bati limejiziba, kochi lipo chini, spika zipo juu ya kabati, na mimi nimesimama mbele yake nikiziomba zishuke. Zinanijibu. Kila moja ina nusu ya maneno. Ukitaka sentensi nzima lazima ukae katikati.

"Sisi hatushuki," anasema Kushoto.

"Mpaka utuambie tumekosa nini," anamalizia Kulia.

Kitwana, aliyekaa upande wa kushoto, anasikia lile neno hatushuki tu. "Shemeji, wamekukatalia," ananiambia. "Basi yaishe."

"Siku ya kwanza ulituambia nini?" anauliza Kushoto.

"Ulisema kaeni huko mwonekane," anasema Kulia.

Ni kweli, nilisema. Nakumbuka hata shati nililokuwa nimevaa. "Niliwapandisha ili mwonekane," nawaambia. "Mmeonekana vya kutosha. Hakuna mtu Kanyenye asiyewajua. Leo nataka msikike."

Wanatazamana. Naona mninga unalainika kidogo pembeni.

"Sisi tungeshuka," anasema Kushoto.

"Lakini tumefunikwa uso, hatuoni njia," anasema Kulia.

Nanyoosha mkono nikitoe kitambaa. Kitambaa kinanipiga kofi jepesi la vidole.

"Taratibu," kinasema. "Mimi nipo hapa kwa heshima. Vyombo vya watu wazima havikai uso wazi mbele ya wageni."

"Unavizuia sauti."

"Navistiri. Miaka yote hii wageni wakiingia unawaonyesha spika. Nani umewahi kumwonyesha mimi? Nitatoka, lakini kwanza niambie nimefumwa nini."

Nakitazama. Kina mapambo ya duara duara, yamejipanga kutoka ncha hadi ncha, kila moja lina kijiti chini yake. Mapambo hayo nimeishi nayo miaka yote. "Mapapai," nasema kwa uhakika.

Besi iliyokuwa jikoni inarudi kuchungulia.

"Mapapai yana mpini?" kinauliza kitambaa.

Najinyoosha ili nikitazame kwa karibu, na kwa kunyoosha huko spika zinapanda tena, na kitambaa kinapanda nazo, nikawa sioni hata hicho nilichokuwa nakiona. Pimamaji ananionyesha mkeka kwa ncha ya mwili wake.

Basi nikakaa. Nilikaa mkekani pembeni ya mke wangu, magoti yakilalamika, mahali ambapo sijakaa tangu Tausi anajifunza kutambaa. Nikainua macho. Kutoka pale chini kitambaa kinaonekana chote, mwanga wa dirishani unapita katika matundu yake. Ni vibuyu vidogo vya duara, kila kimoja na mpini wake. Viwili viwili, jozi kwa jozi. Ni manyanga. Kitambaa kizima ni manyanga matupu.

Nilitaka kusema jambo kubwa, nikapata dogo. "Kitambaa hiki," nikasema nikiwa nimeketi, "amekifuma Nyamizi, mke wangu, kwa mkono wake. Spika zinapatikana kwa seremala yeyote mwenye mninga. Hiki hakipatikani kwa mtu mwingine."

Kitambaa kikajikunja vizuri kuanzia ncha, kikashuka na mwenzake. Kushoto na Kulia wakafuata, wakikanyaga rafu za kabati kwa tahadhari, wakizipisha sahani. Kutoka jikoni vikaja vigoda viwili, vile vya kukalia mpishi, vimetembea kwa miguu yao, vikasimama mbele ya mkeka. Vitambaa vikajitandaza juu ya vigoda. Spika zikakaa juu ya vitambaa. Pimamaji akajilaza kutoka twita hadi sikio la Mama Tausi, na kiputo kikatulia katikati.

"Na sisi huku juu?" aliuliza mjusi.

"Shukeni," nikamwambia. "Ufagio nitauficha."

Gitaa likaanza. Nikamgeukia Mama Tausi niuone uso wake, na ndipo hodi ilipopigwa.

"Hodi wenyewe. Shemeji, umelala siku ya kesi?"

Nilikuwa kwenye kochi. Spika zilikuwa juu ya kabati, mahali pake. Kitwana alikuwa mlangoni anatabasamu, na Mama Tausi alikuwa kwenye mkeka, anafuma.

"Sikulala," nilimjibu. "Nilikuwa kazini."

Sikumweleza zaidi. Nilivuta kiti, nikapanda, nikazishusha spika moja moja. Mama Tausi aliacha sindano.

"Baba Tausi, unazipeleka wapi?"

"Usawa wako," nikamwambia. "Vile vigoda vya jikoni viko wapi?"

Alinitazama, kisha akaenda kuvileta mwenyewe, bila swali la pili. Nikavipanga mbele ya mkeka. Kabla sijaziweka spika, nilivitandaza vitambaa juu ya vigoda, nikivinyoosha ncha kwa kiganja, na sikuthubutu kutazama mapambo yake. Niliogopa nisije nikakuta ni mapapai.

Kitwana aliinama akatazama kwa niaba yangu. "Dada," akasema, "hivi siku zote sijaona. Mapapai yako yamekaa vizuri kweli."

"Mapapai yana mpini?" akauliza Mama Tausi.

Niliziweka spika polepole ili mikono ipate pa kushika. Kisha nikaketi mkekani pembeni yake, nikamwita Kitwana naye akae katikati, asije akasikia nusu. Alishangaa lakini akakaa, kikombe cha chai mkononi. Mama Tausi akabonyeza mwenyewe kitufe cha kupiga wimbo.

Gitaa likaanza, besi ikafuata, ikaenda zake jikoni. Halafu yakaja. Cheke cheke, cheke cheke, makavu, karibu kabisa, kama kuna mtu amesimama nyuma ya kigoda anatikisa, na ule mkato wa kushoto ukisikika wazi. Kikombe cha Kitwana kilibaki hewani, hakikwenda mdomoni wala hakikurudi kwenye sahani. Ukutani, mjusi asiye na mkia alikuwa ameteremka mpaka usawa wa vigoda. Huyo nilimwona mimi peke yangu, nami nikamnyamazia.

Sikumtazama Kitwana. Nilimtazama mke wangu. Alikuwa ameinamisha kichwa upande, sindano imetulia kwenye uzi, na alisikiliza ubeti wote wa kwanza bila kusogeza hata kidole. Kwenye ubeti wa pili akaiinua ile sindano, akaielekeza kwenye spika.

"Hapo umetangulia kidogo," akasema.

Nimesifiwa na watu wengi katika maisha yangu, wengine wenye vyeo. Hakuna sifa iliyowahi kunifika mahali ilipofika hiyo. Ilibidi nivute pumzi kwanza, kama yule mwimbaji.

"Sikutangulia," nikamwambia. "Wao ndio walichelewa."